Kutoa ni Moyo, Kutupa ni Kazi

Wengi wetu tunaokutana hapa tumezoea kusoma kuhusu riwaya na diwani. Leo naomba niwasumbue kidogo na kijitabu ambacho hakina mhusika hata mmoja, hakina tashbihi, wala hakikuandikwa ili mtu akisome kwa raha. Ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999, unaoeleza namna ya kuteketeza kwa usalama dawa zisizohitajika wakati wa dharura na baada yake. Nakala niliyonayo ni fotokopi. Nilipewa na mfamasia wa wilaya moja ya bondeni ambako gazeti lilinituma kuripoti mafuriko, miaka michache iliyopita. Kurasa zimekunjamana na pembeni zina madoa ya chai. Nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma naona ni kitabu kinachohusu zawadi. Kinauliza swali ambalo sisi wenye methali nzuri za ukarimu hatujiulizi: zawadi isiyofaa inakwenda wapi?

Wilaya yenyewe sitaitaja. Mvua za masika zilikuwa zimekata barabara, na watu waliopoteza nyumba walikuwa wamehifadhiwa kwenye madarasa ya shule ya msingi, familia nne nne kwa chumba. Walichohitaji kilikuwa kinajulikana: maji safi, vyoo, vyandarua, dawa za malaria, chumvichumvi za kuwaongezea maji watoto wanaoharisha, na vidonge vya presha na sukari kwa wazee ambao vyao vilikwenda na maji. Si orodha ndefu.

Kilichokuja kilijaza nusu ya ofisi ya mwalimu mkuu. Katoni juu ya katoni, nyingine zimefungwa kwa kamba ya katani, nyingine zimeandikwa kwa kalamu nene "MSAADA". Ndani yake kulikuwa na vipande vya vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, ile sehemu yenye tarehe ikabaki kwa mtoaji. Kulikuwa na chupa za dawa ya kikohozi zilizokwisha kufunguliwa, matone ya macho yaliyobaki nusu, vidonge vya kupunguza uzito, na maboksi yenye maandishi ambayo hakuna mtu pale aliyeweza kuyasoma hata herufi moja. Kulikuwa pia na insulini iliyosafiri siku tatu ndani ya lori, juani, bila barafu.

Mfamasia alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Alikuwa amepanga meza tatu na kuwapa vijana wawili wa zahanati glavu. Meza ya kwanza ilikuwa ya zinazofaa, ya pili ya zisizofaa. Ya tatu ilikuwa ya zile zinazotakiwa kufungiwa kwa kufuli mpaka mkaguzi afike, yaani dawa kali za maumivu na nyinginezo zenye kudhibitiwa na sheria. Meza ya pili ndiyo ilikuwa imeelemewa.

Dirishani walikuwa wamesimama watu. Mzee mmoja aliyekuwa na mjukuu begani aliniita pembeni alipoona daftari langu.

"Mwanangu, wewe si mwandishi? Andika basi. Tunaambiwa dawa hakuna, kumbe wanazifungia humu. Na nimesikia wanataka kuzichoma."

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilichokuwa nakiona kwa macho ndicho alichokuwa anakisema: dawa zipo, watu wanaumwa, na dawa hazigawiwi. Jioni mhariri alipiga simu. Nilipomweleza, nilimsikia akikaa sawa kwenye kiti. "Hiyo ndiyo stori," akasema. "Wagonjwa wanalala sakafuni, dawa zinachomwa. Kesho ukurasa wa kwanza." Nilimwomba siku mbili. Alinipa moja na nusu, na manung'uniko juu.

Ndipo mfamasia aliponipa ile fotokopi. "Soma hiyo kwanza," alisema. "Halafu ukitaka kunichoma mimi pamoja na dawa, unichome."

* * *

Historia ya jambo hili ni ndefu kuliko nilivyodhania. Desemba 1988 tetemeko la ardhi liliipiga Armenia, na dunia ikatuma takriban tani 5,000 za dawa na vifaa vya tiba. Ilichukua watu 50 miezi sita kuchambua tu na kujua nini kimeletwa. Asilimia 8 zilikuwa zimepitwa na muda, nyingine ziliharibiwa na baridi kali, na zilizobaki ni sehemu ndogo tu ndiyo iliyotambulika kwa urahisi, kwa sababu nyingi zilikuwa na jina la biashara la huko zilikotoka na basi. Fikiria: watu wamefukiwa na vifusi, na wewe una wataalamu 50 wanaosoma lebo.

Mwaka 1989, Eritrea ikiwa bado vitani kupigania uhuru wake, ilipokea shehena ya aspirini iliyokwisha muda, malori saba. Kuichoma kulichukua miezi sita. Huwa nawaza juu ya mtu aliyepewa kazi hiyo. Kila asubuhi anaamka, anakunywa chai, anakwenda kuchoma aspirini. Nusu mwaka. Katika nchi iliyokuwa na vita, ukame na upungufu wa karibu kila kitu, kulikuwa na mtu ambaye mchango wake kwa taifa ulikuwa kuliondolea zawadi.

Bosnia na Herzegovina ndiko mambo yalikofika kilele. Katika vita vya miaka ya tisini, dawa zilimiminika kutoka kila upande, na kufikia katikati ya 1996 watafiti walikadiria kwamba tani 17,000 za dawa zisizofaa kabisa zilikuwa zimerundikana maghalani na mahospitalini. Waliohesabu waliona pia kwamba gharama ya kuteketeza shehena kubwa namna hiyo huko Ulaya ni mamilioni ya dola. Kwa hiyo aliyetoa dawa mbovu alipata thawabu, akaokoa pesa, na akasafisha ghala lake. Aliyepokea alipata jaa.

Kisa kinachonikereketa zaidi ni kidogo kwa idadi. Lithuania, 1993: wanawake 11 walipoteza uwezo wa kuona kwa muda baada ya kupewa dawa iliyofika kama msaada bila maelezo yoyote. Madaktari walijaribu kukisia ni dawa gani kwa kulinganisha jina lake na majina ya dawa nyingine walizozijua. Ilikuwa klosanteli, dawa ya minyoo ya mifugo. Sisi watu wa vitabu tunapenda kusema kwamba kusoma kunafungua macho. Hapo kuna wanawake 11 waliofumbwa macho kwa sababu lebo haikusomeka.

Kisha ikaja tsunami ya Desemba 2004. Jimbo la Aceh, Indonesia, lenye watu wasiofika milioni mbili waliohitaji huduma hiyo, lilipokea tani 4,000 za dawa. Asilimia 60 hazikuwa kwenye orodha ya taifa ya dawa muhimu, na asilimia 70 zilikuwa na maelezo kwa lugha isiyoeleweka pale. Huo ulikuwa mwaka wa tano tangu kijitabu changu kichapishwe.

* * *

Tuna methali tunayoipenda sana: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nimeisikia harusini, msibani, kanisani, msikitini, na kila penye kapu la mchango. Ni methali ya kweli na sina nia ya kuivunja. Lakini mbele ya zile katoni niliona kwamba inazungumza na upande mmoja tu wa mkono. Inamsifu anayetoa. Haimuulizi anayepokea.

Na anayepokea tumemwekea methali yake: mchagua jembe si mkulima. Maana yake, ukipewa, pokea, usilete madaha. Mfamasia alinieleza kwamba lori la kwanza lilipofika alisema wazi nusu ya mzigo haifai. Mmoja wa viongozi waliokuwepo akamvuta pembeni na kumwambia asiwaaibishe wafadhili mbele ya kamera. Akasaini. "Ningefanyaje?" aliniuliza. "Mtu kavuka maji na zawadi, umrudishe nayo?"

Miongozo ya kimataifa ya misaada ya dawa, iliyotolewa mwaka 1996 na kurekebishwa baadaye, inajaribu kumpa mtu kama yeye ujasiri wa kukataa. Inasema dawa iwe imeombwa au angalau inahitajika, iwe kwenye orodha ya nchi inayopokea, iwe na angalau mwaka mmoja wa uhai inapowasili, iwe na maelezo kwa lugha inayoeleweka, na isiwe dawa iliyowahi kutolewa kwa mgonjwa mwingine ikarudishwa. Ukiondoa lugha ya kiofisi, hayo ni mambo ambayo bibi yangu angeyasema kuhusu chakula: usimpelekee jirani kiporo ambacho wewe mwenyewe umekiogopa.

Nilimuuliza mfamasia swali ambalo mzee wa dirishani angeliuliza. Dawa iliyoekspaya wiki iliyopita, si bado ni dawa? Alinijibu kwa uaminifu, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema nyingi ya hizo hazigeuki sumu siku ya pili, hupungua nguvu. "Sasa mpe mtoto mwenye homa kali ya mapafu dawa yenye nusu nguvu. Mama yake anajua kapona, wewe unajua kapewa, na ugonjwa unajua haujauawa." Akaongeza kwamba insulini na chanjo ni jambo jingine kabisa. Insulini iliyotoka kwenye friji inaweza kutumika kwa takriban siku 28 ikiwa joto halizidi nyuzi 30, lakini ile iliyopikwa siku tatu ndani ya lori la bati hakuna mtu anayeweza kusema imebaki na nini. Chupa ya matone ya macho iliyofunguliwa nayo haina mjadala, haijalishi tarehe inasema nini.

"Mimi siteketezi dawa," alisema. "Dawa ni kitu ninachokijua jina, nguvu, tarehe, na kimelala wapi usiku. Hivi ni vitu vilivyovaa nguo za dawa."

* * *

Basi kwa nini wasichimbe shimo wakafukia? Au wasimwage mtoni, maji si yamejaa? Au wakoke moto nyuma ya shule, yaishe?

Hapo ndipo kijitabu kinapokuwa kitamu, kwa namna yake. Ukitupa dawa jaani zikiwa kwenye maboksi yake, waokota taka watazikuta kabla ya jua kuzama, na kufikia Jumamosi zitakuwa gulioni. Ukimwaga antibayotiki mtoni, vijidudu vya humo vitaonja dozi ndogo isiyoua, vitajifunza kuishi nayo, na maji hayo ndiyo ambayo watu wa chini watachota. Ukichoma kwa moto wa kuni kwenye shimo, joto halitoshi kuvunja kemikali. Unachopata ni moshi wenye sumu, na plastiki nyingine ni mbaya zaidi kuliko dawa yenyewe. Mikebe ya kupuliza ukiitia motoni inalipuka.

Njia bora ni moto mkubwa kweli, nyuzi zaidi ya 1,200, na mahali penye moto huo katika nchi nyingi maskini ni kiwanda cha saruji. Tanuri la saruji linafika nyuzi 1,450 na kupita. Hapa kwetu dawa za kulevya zilizokamatwa zimewahi kuteketezwa kwenye tanuri la saruji pale Wazo, kwa hiyo jambo lenyewe si geni. Hata huko kuna kipimo: dawa zisizidi asilimia 5 ya kinacholishwa tanuri kwa wakati mmoja.

Lakini barabara ilikuwa imekatika na kiwanda kiko mbali. Hapo mwongozo unatoa njia ya maskini, nami niliishuhudia. Unachukua pipa safi la chuma la lita 200. Unalijaza vidonge na vitu vikavu mpaka robo tatu. Robo iliyobaki unaijaza mchanganyiko wa saruji, chokaa na maji, kwa uzito wa 15 kwa 15 kwa 5. Unakunja mfuniko na kuuchomelea. Pipa linakwenda chini kabisa ya shimo la taka, kisha linafunikwa. Dawa za saratani zina masharti makali zaidi: pipa linajazwa nusu tu kabla ya zege. Drip za chumvi na sukari, ambazo hazina madhara, ndizo zinazoweza kumwagwa taratibu kwenye maji taka.

Kwa maneno mengine, zawadi inazikwa kwa zege ili isifufuke.

Fundi aliyekuja kuchomelea alikuwa kijana wa palepale, nyumba yao imekwenda na maji. Saruji ilitoka kwenye mifuko iliyokuwa imeletwa kwa ajili ya vyoo vya kambi. Hesabu hiyo ndiyo niliyoipeleka kwa mhariri: mifuko mingapi ya saruji, siku ngapi za mfamasia pekee wa wilaya, mafuta ya lori kiasi gani, vyoo vingapi vilichelewa. Watu walikuwa wanaharisha, na saruji ya choo ilikuwa inafukia vidonge vya kupunguza uzito.

* * *

Kuna jambo ambalo mfamasia alilifanya bila kulitafuta kwenye kijitabu. Kabla mapipa hayajafungwa, alimtuma mtu amwite yule mzee wa dirishani pamoja na wengine wanne waliokuwa wanalalamika zaidi. Mkaguzi wa dawa alikuwepo, afisa mazingira na askari pia, kama taratibu zinavyotaka. Lakini yeye alitaka wale watano. Aliwapa vitu mkononi, kimoja kimoja. Soma tarehe. Soma jina. Nusa hii. Mzee alishika boksi lenye maandishi ya kigeni, akaligeuza juu chini, chini juu.

"Hii ni ya nini?"

"Nami nakuuliza wewe, baba."

Alikaa kimya. Kisha akalitia boksi ndani ya pipa kwa mkono wake.

Nilimkumbuka mzee huyo Mei 2021, nilipoona picha kutoka Lilongwe. Malawi ilikuwa imepokea dozi 102,000 za chanjo ya korona kupitia Umoja wa Afrika mnamo Machi 26, zikiwa na siku 18 tu kabla ya kuisha muda Aprili 13. Dozi 19,610 hazikuwahi kutumika. Serikali ingeweza kuzifukia kimyakimya. Badala yake ilizichoma hadharani, kwenye tanuri la Hospitali Kuu ya Kamuzu, mbele ya kamera, ili wananchi wajue kwamba chanjo waliyokuwa wanachomwa siyo iliyoekspaya. Wapo walioona ni aibu na wapo waliosema ni ubadhirifu. Mimi nilimwona mfamasia wangu na watu wake watano. Kuteketeza dawa kwa siri kunazaa uvumi, na wakati wa maafa uvumi unaua watu, maana mtu asiyeamini zahanati haendi zahanati.

Habari yangu ilitoka siku mbili baadaye, ukurasa wa saba, chini ya tangazo la godoro. Mhariri aliikata nusu. Mapipa na saruji alivibakisha.

* * *

Niliporudi nyumbani Dar, mama alikuwa ameniandalia kitu. Alikuwa amefuatilia mafuriko kwenye taarifa ya habari, na kwa sababu alijua nitarudi tena kule, alitoa kabatini kopo la biskuti na kuliweka mezani.

"Wapelekee wale watu," alisema. "Hapa zinakaa bure."

Zilikuwa dawa za baba. Vidonge vya presha, vya sukari, vya moyo, antibayotiki za ule mwezi wa mwisho, na chupa ya dawa ya maumivu iliyobaki robo. Baba alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Kila kidonge mle mama alikinunua kwa fedha aliyoihesabu, vingine kwa kuuza vitenge vyake, na kopo lile hakuwahi kulifungua mbele yetu. Sasa alikuwa analitoa. Kama kuna siku nimeona ile methali ikitembea kwa miguu miwili, ni siku hiyo.

Nilitaka kusema ndiyo. Ningeweza kulibeba kopo, nikafika nalo mpaka Ubungo, nikalitupa. Asingejua.

Nilimwambia, "Mama, keti kidogo tuziangalie pamoja." Nikamweleza habari ya meza tatu. Hakujibu. Akavaa miwani, akachukua kidonge cha kwanza, akasoma tarehe kwa sauti, akakiweka upande wa kushoto. Akachukua cha pili. Ilituchukua karibu saa nzima. Kila dawa aliikumbuka: hii tuliipata Muhimbili, hii ilimfanya atapike, hii alikataa kuimeza akasema ina ladha ya pochi. Alicheka hapo. Upande wa kulia haukuwekwa kitu.

Chupa ya maumivu na zile antibayotiki tulizipeleka asubuhi kwenye famasi ya hospitali ambako walikubali kuzipokea. Vidonge vilivyobaki tulivitoa kwenye vifungashio bila kuviponda, tukavichanganya na machicha ya kahawa na mchanga, tukavifunga ndani ya mfuko mgumu, tukautia kwenye taka siku ya gari. Majina ya baba kwenye bahasha za dawa mama aliyafuta mwenyewe kwa kalamu nyeusi, moja baada ya jingine, polepole. Kisha akaniuliza wale watu wanahitaji nini hasa.

Nikamwambia sabuni, ndoo zenye mfuniko, na pesa.

Alikwenda chumbani, akarudi na noti mbili za elfu kumi zilizokunjwa mara nne. Kopo la biskuti alilisuuza, na sasa anawekea iliki.